Malisho Yaliyokatwa Vipande

Mwaka 1977 nyumbu wa Loita na Mara, kusini-magharibi mwa Kenya, wale wasiovuka kwenda Tanzania, walikadiriwa kutoka angani kuwa takribani 119,000. Kufikia mwaka 1997 walikuwa wamebaki takribani 22,000. Katika miaka hiyo hiyo 20, upande wa pili wa mpaka, kundi kubwa la Serengeti lilibaki takribani milioni moja au zaidi. Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani, na hauna ukuta wala mto unaoweza kumzuia hata swala. Mvua ya huku na ya kule huletwa na pepo zile zile. Wafugaji wa pande zote mbili ni Wamaasai, wanaooana na kuzikana bila kujali nani ana kitambulisho cha nchi gani.

Tofauti kubwa kiasi hicho, katika nyika moja, ni nadra kupatikana, na ndiyo maana Loita inafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kujua nini hasa kinaua mbuga za nyasi. Sababu zinazotajwa haraka tunazijua sote: watu wameongezeka, ng'ombe wamezidi, mvua haitabiriki tena. Kila moja ina ukweli wake mahali fulani. Lakini watu waliongezeka pande zote mbili za mstari, na ukame ulipokuja ulizikumba pande zote mbili. Lililotokea upande mmoja tu ni jambo jingine, na ili kulielewa ni lazima kwanza tuelewe mbuga ya nyasi inasimama kwa nguvu zipi.

Nyasi ni mmea unaostahimili hasara. Sehemu yake inayokua iko chini, karibu na udongo, si kwenye ncha kama ilivyo kwa mche wa mgunga. Ng'ombe akikata jani, moto ukiunguza majani makavu ya mwezi wa nane, sehemu ile hubaki hai na mvua ya kwanza huiamsha. Mche wa mti ukipatwa na mambo hayo hurudi nyuma mwaka mzima au hufa kabisa. Kwa hiyo mahali penye mvua ya kutosha kuotesha miti, nyasi hushinda iwapo tu kuna meno na moto wa kuizuia miti isifike urefu wa kujiokoa. Ondoa vyote viwili na baada ya muda utapata kichaka.

Mahali pengine udongo ndio unaoamua. Kusini-mashariki mwa Serengeti, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, ardhi imefunikwa na jivu la volkano lililopeperushwa na upepo kwa maelfu ya miaka, na Ol Doinyo Lengai bado hulitema mara kwa mara. Chumvi za jivu hilo zimejenga tabaka gumu chini ya udongo, na mizizi ya miti hukwama hapo. Mvua nayo ni kidogo, takribani milimita 500 kwa mwaka, ilhali kaskazini kuelekea Mara hupita 1,000. Matokeo yake ni nyasi fupi sana, zenye kalsiamu na fosforasi nyingi, chakula hasa cha jike anayenyonyesha. Ndipo nyumbu huzaa, kati ya Januari na Machi. Tatizo ni kwamba mvua ikikatika, maji ya kunywa hukauka haraka na nyasi zenyewe huisha. Kaskazini kuna nyasi ndefu na mito isiyokauka, lakini nyasi zile ni ngumu na lishe yake ni duni. Hakuna mahali pamoja panapotosha kwa mwaka mzima. Anayetaka kuishi kwa nyasi hizi sharti atembee, awe nyumbu, punda milia au ng'ombe wa mtu.

Kwa Loita hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Nyumbu wake walikaa kwenye tambarare za Loita wakati wa mvua, wakazaa hapo, kisha kiangazi kilipoanza wakashuka magharibi hadi Mara, wakakutana huko na wageni wao wakubwa kutoka Serengeti. Wafugaji nao walikuwa na ratiba yao. Ndama wa nyumbu hueneza virusi ambavyo havimdhuru yeye lakini humuua ng'ombe, kwa hiyo Wamaasai waliondoa mifugo yao kwenye tambarare wakati wa uzazi wa nyumbu na kurudi baadaye. Walaji wawili walitumia sahani moja kwa zamu. Utaratibu huu haukuandikwa popote, wala haukuhitaji askari. Ulihitaji jambo moja tu: nafasi ya kuondoka.

Ushahidi wa jinsi meno yanavyoijenga nchi tunao kutoka kwenye msiba. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe, nyati na nyumbu. Ndui na njaa vikafuata, na Wamaasai hukiita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Malisho yaliyokosa walaji yaliota vichaka, mbung'o wakaingia kwenye vichaka, na mbung'o wakazuia watu na mifugo kurudi. Wazungu waliofika baadaye na kuona nchi tupu yenye wanyama waliiita pori la asili, wakaanza kuichorea mipaka ya hifadhi. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka pia kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kundi likapanda kutoka takribani 260,000 mwaka 1961 hadi takribani milioni 1.4 mwaka 1977. Midomo milioni ya ziada ilikula nyasi ambazo zingekauka na kuwa chakula cha moto. Moto ukapungua, na katika sehemu nyingi za Serengeti miti ikaanza kurudi. Chanjo ya ng'ombe wa wafugaji ndiyo iliyobadilisha idadi ya miti ndani ya hifadhi. Sijui mfano bora kuliko huo wa kumwonyesha mtu anayedhani ng'ombe na wanyamapori ni hesabu mbili tofauti.

Uhusiano huo ni wa kale. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Fiona Marshall na wenzake kuhusu maboma ya kale ya wafugaji kusini-magharibi mwa Kenya, mengine ya miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Mahali ng'ombe na mbuzi walipolazwa usiku, samadi iliacha udongo wenye rutuba inayopimika hadi leo, na hapo pameota madoa ya nyasi nzuri yanayovuta wanyama wa kila aina. Ina maana sehemu ya utajiri ambao watalii hulipia kuutazama iliwekwa pale na watu waliokuwa wakihama na mifugo yao. Boma likikaa miaka michache na kuhamishwa huacha mbolea. Boma lisilohamishwa huacha vumbi.

Sasa Loita. Mwaka 1968 Kenya ilitunga sheria ya kuwatambua wawakilishi wa vikundi, na kwa sheria hiyo nchi ya Wamaasai wa Narok na Kajiado ikagawanywa kuwa ranchi za vikundi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwapa wafugaji hati ya pamoja, ili ardhi yao isinyakuliwe na ili wapate mikopo ya majosho na visima. Sina shaka kwamba wengi waliounga mkono mpango huo walikuwa na nia njema. Lakini ranchi ilikuwa na mipaka na orodha ya wanachama, na malisho ya zamani hayakuwa na kimoja wala kingine. Mfugaji wa zamani alipopatwa na ukame aliomba kupita kwa jirani. Mwanachama wa ranchi alikuwa na namba kwenye daftari, na daftari lina kamati, na kamati ina mwenyekiti.

Kwenye daftari hilo ndipo trekta lilipopita. Kaskazini mwa tambarare za Loita udongo ni mzuri na mvua inatosha ngano. Watu wenye mitaji, wengi wao kutoka nje, walikodi maelfu ya ekari kupitia viongozi wa ranchi na baadaye kwa wale waliofanikiwa kujipatia hati binafsi. Katikati ya miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya eneo hilo yalikuwa takribani hekta 5,000. Mwaka 1995 yalikuwa takribani hekta 50,000. Hayakuenea ovyo. Yalifuata udongo bora na mvua bora, yaani mahali pale pale nyumbu walipokuwa wakizaa na ng'ombe walipokuwa wakinenepa baada ya masika. Ramani ya upungufu wa nyumbu ukiilaza juu ya ramani ya ngano, huhitaji mtu wa kukueleza.

Mwaka 2001 Katherine Homewood na wenzake walilinganisha pande mbili za mpaka kwa picha za setilaiti, hesabu za wanyama kutoka angani na takwimu za watu na mifugo. Hitimisho lao liliwashangaza wengi waliozoea kulaumu ufugaji. Ongezeko la watu halikutosha kueleza tofauti, wala idadi ya ng'ombe. Kilichoeleza tofauti kilikuwa umiliki binafsi wa ardhi upande wa Kenya, ukiunganishwa na soko la ngano na mashine za kuilima. Upande wa Tanzania ardhi hiyo haikuweza kuuzwa kwa mtu mmoja, na kilimo kikubwa cha mashine hakikuenea. Nyasi zikabaki, na waliozitegemea wakabaki nazo.

Hapa wachambuzi wengi hufunga faili, wakiwa na mkulima wa ngano kama mshtakiwa. Mimi naona hatua iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mkodishaji wa shamba la ngano anaweza kuondoka lakini ugawaji haurudishwi kirahisi. Kuanzia miaka ya 1980, na kwa kasi zaidi miaka ya 1990 na 2000, ranchi moja baada ya nyingine iliamua kujigawa kuwa viwanja vya watu binafsi. Wanachama walikuwa na sababu. Waliona viongozi wakikodisha ardhi ya wote na kuweka kodi mfukoni. Waliona jamaa wa mwenyekiti wakiongezwa kwenye daftari. Mtu anayeibiwa mali ya pamoja hudai sehemu yake aiweke mkononi, na sioni jinsi ya kumlaumu. Isipokuwa sehemu ya tambarare si tambarare ndogo. Mvua za nchi hii hunyesha kwa mabaka: wingu linamwaga upande mmoja wa kilima na kuacha upande wa pili mkavu, na mwakani linabadilisha. Mwenye haki ya kupita kwenye maelfu ya hekta hufuata mvua. Mwenye hekta 40 huisubiri imfuate, na mwaka isipokuja hana pa kwenda ila kwa jirani, ambaye naye sasa ana hati.

Jirani huanza kwa kukataa kwa mdomo, kisha huweka miiba, kisha seng'enge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus walichora uzio wa eneo kubwa la Mara kwa picha za setilaiti kuanzia mwaka 1985 hadi 2016 na kuonyesha kwamba kwa miaka mingi uzio ulikuwa mchache, kisha ukaanza kuongezeka kwa kasi ya kutisha katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho. Jambo hili lina mantiki yake: uzio wa kwanza huelekeza mifugo yote ya eneo kwenye ardhi isiyo na uzio, na mwenye ardhi hiyo anaona nyasi zake zikiisha mbele ya macho yake. Naye anaweka wa kwake ili ajiokoe. Nyumbu anayefika kwenye waya hajui kuruka kama pofu. Huzunguka, huchoka, au hunasa hapo hapo.

Wenye viwanja vidogo pia hubadilisha mifugo. Ng'ombe anahitaji nyasi na nafasi. Kondoo na mbuzi huvumilia kipande kilichochakaa, na huuzwa haraka karo za shule zinapodaiwa. Takwimu za maeneo ya malisho ya Kenya kati ya mwaka 1977 na 2016 zinaonyesha mwelekeo huo wazi: wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68, ng'ombe wakapungua kwa takribani robo, kondoo na mbuzi wakaongezeka kwa asilimia 76. Usomaji wa haraka unasema mifugo imewafukuza wanyamapori. Mimi nasoma vingine. Ng'ombe na nyumbu wamepungua pamoja, kwa kuwa wote wawili ni walaji wa nyasi wanaotembea, na waliobaki ni wale wanaoweza kuishi mahali padogo. Kondoo hukata nyasi karibu na udongo kuliko ng'ombe, na kwenye kiwanja kisicho na mapumziko nyasi za kudumu hufa mizizi, zikapisha magugu ya msimu mmoja na udongo mtupu. Mvua ya kwanza ikipiga udongo huo haizami. Inaondoka nao.

Ukame nao umekuja katika hali hiyo. Ukame wa 2008 na 2009, na ule mrefu uliokausha misimu mitano ya mvua mfululizo kati ya 2020 na 2023, uliua mifugo ya Kenya kwa mamilioni. Joto linaongezeka na hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo wafugaji walikuwa na ukame kabla ya hati, na dawa yao ya kwanza ilikuwa kuondoka mapema. Ukame unaomkuta mtu mwenye pa kwenda haufanani na ule unaomkuta kati ya nyaya nne.

Nisieleweke kwamba Tanzania imepata jibu. Mwaka 2019 utafiti ulioongozwa na Michiel Veldhuis ulionyesha kuwa kingo za Serengeti na Mara zinabanwa na makazi na mifugo kiasi cha kuwasukuma nyumbu ndani zaidi, na athari hizo hufika hadi katikati ya hifadhi, kwenye nyasi, udongo na mzunguko wa moto. Na Juni 2022 serikali iliweka vigingi Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500 kuwa pori tengefu, kwenye malisho ambayo vijiji vilikuwa vikiyatumia wakati wa kiangazi. Kulikuwa na vurugu, watu wakaumia, wengine wakakimbilia Kenya. Wengi walilijadili tukio hilo kama suala la haki, na ni suala la haki. Lakini ni suala la nyasi pia. Kumwondolea mfugaji malisho yake ya kiangazi ni kumbana na mifugo ile ile kwenye kipande kilichobaki mwaka mzima, na kipande hicho kitaharibika kama kiwanja cha Narok kilivyoharibika, hata kama hakuna aliyekiuza. Kigingi cha mhifadhi na seng'enge ya mwenye hati vina kazi moja juu ya ardhi.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii aende Kitengela, kusini mwa Nairobi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Iliwezekana kwa sababu upande wa kusini uliachwa wazi kuelekea tambarare za Athi-Kaputiei, ambako wanyama walikwenda wakati wa mvua. Ranchi ya Kitengela iligawanywa, viwanda vikaja Athi River, bei ya ardhi ikapanda, madalali wakafuata. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge uzio. Ulisaidia familia nyingi kulipa karo. Lakini dola 4 hazishindani na mnunuzi wa viwanja vya nyumba. Makundi ya nyumbu yaliyokuwa makumi ya maelfu miaka ya 1970 yamebaki maelfu machache, na uhamaji wao kuingia hifadhini umekaribia kwisha.

Mara imejaribu dawa hiyo hiyo kwa malipo makubwa zaidi. Tangu hifadhi ya jamii ya Olare Orok ilipoanzishwa mwaka 2006, wenye viwanja wengi wameunganisha ardhi zao upya na kuzikodisha kwa kampuni za utalii, wakilipwa kila mwezi. Nyasi zimerudi, na wanyama wamerudi. Ni mafanikio halisi. Wasiwasi wangu ni chanzo cha fedha. Mwaka 2020 watalii hawakuja, na malipo yakapunguzwa papo hapo. Malisho yanayotegemea ndege kutoka Ulaya ni malisho yaliyowekwa rehani kwa watu wasioyajua. Pia katika mikataba ya mwanzo mifugo ilizuiwa karibu kabisa, na wenye mifugo wakaihamishia kwa jirani ambaye hajakodisha ardhi yake. Mikataba ya baadaye imeanza kuruhusu malisho kwa zamu, na hapo naona busara zaidi.

Njia nyingine haitegemei mtalii. Kiteto, Tanzania, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha malisho yao chini ya mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, vikaupa jina la OLENGAPA, na kupata hati za kimila za pamoja kwa msingi wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hizo hazigawanyiki kwa mtu mmoja mmoja. Shinyanga, Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliacha kupanda miti ya kigeni na kuwarudishia watu desturi yao, na mamia ya maelfu ya hekta yakafunikwa tena. Kenya ilitunga Sheria ya Ardhi ya Jamii mwaka 2016, yenye nafasi ya umiliki wa aina hiyo. Kwa sehemu kubwa ya Narok na Kajiado ilikuja baada ya viwanja kukatwa.

Kwa hiyo yaliyobaki huko ni mazungumzo ya kiwanja kwa kiwanja. Pardamat, kaskazini mwa Mara, kuna wenye ardhi waliokubali kukunja seng'enge zao kwa malipo ya kodi, na kila anayekubali humfungulia jirani yake njia, kama vile kila aliyeweka uzio alivyomlazimisha jirani kuweka. Kazi hiyo ni ya polepole na inahitaji fedha ya uhakika kwa miaka mingi. Nayo inafaa tu pale ambapo jembe halijapita. Nyasi za kudumu huweka sehemu kubwa ya uhai wake chini ya ardhi, kwenye mizizi iliyosukana kwa miongo mingi. Shamba la ngano lililoachwa huota kitu cha kijani mwaka wa kwanza, na mpita njia anaweza kudhani limepona. Ng'ombe huonja kijani hicho na kuendelea na safari.